Kipande, Rejista ya Malaria na Kitufe cha "Nakubali"

Neno kipande bado liko hai. Ingia ofisi ya chifu yoyote kuanzia Londiani hadi Sotik, umsikilize mzee akiulizwa kitambulisho, na kuna uwezekano mkubwa atajibu, "Ngoja nitoe kipande." Hasemi kwa uchungu. Kwake ni jina tu, vile sisi tunaita dawa yoyote ya meno Colgate. Lakini ukilifuata hilo neno nyuma utafika mwaka 1915, na ndiko ninakotaka tuanzie, kwa sababu siku hizi kila mtu anaongea kuhusu akili mnemba na data zetu kana kwamba swali la ridhaa lilizaliwa juzi kule California. Hapa kwetu kwenye majani chai lina zaidi ya miaka mia moja, na majibu yake ya kwanza yalikuwa mabaya sana.

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, hivyo utekelezaji wenyewe ukaanza 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti, na cheti hicho alikibeba ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila na alama za vidole, kisha safu za waajiri: ulifanya kazi kwa nani, ulianza lini, ukaacha lini, ulilipwa kiasi gani. Ukimaliza mkataba mwajiri anatia sahihi. Asipotia, wewe ni mtoro, na kutoroka kazi lilikuwa kosa la jinai. Nakala ya vidole vyako ilibaki Nairobi, kwa hiyo hata ukitupa kikebe mtoni na kubadilisha jina, vidole vilikusaliti.

Ukiitazama kwa macho ya leo, hiyo ni hifadhidata. Haina umeme wala seva, lakini ina kila kitu ambacho mtu wa teknolojia angeitisha: namba ya pekee, alama ya mwili isiyobadilika, historia ya kazi, na makao makuu ambapo rekodi zote hukutana. Kitu kimoja tu hakimo, nacho ni mahali pa mwenye kipande kusema ndiyo au hapana. Hakuna fomu ya ridhaa ya kipande kwenye makavazi. Aliyeitengeneza hakuwaza kwamba kuna mtu wa kuombwa.

Harry Thuku, aliyekuwa mhudumu wa simu katika Hazina mjini Nairobi, aliliweka suala la kipande kwenye malalamiko ya harakati zake za 1921, pamoja na kodi na mishahara iliyokuwa ikipunguzwa. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokuja kudai aachiliwe ulifyatuliwa risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilizidi maiti 20. Ninataja hili kwa wale wanaosema faragha ni anasa ya watu walioshiba.

Chai ya biashara ilifika Kericho katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakifuatana, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa. Mwanzoni Wakipsigis wengi hawakutaka kabisa kuchuma majani ya mtu mwingine kwenye shamba lao wenyewe, hivyo vibarua wengi walitoka Gusii na Nyanza. Walipanda milima hii na kipande shingoni. Karani wa shamba akakifungua, akasoma, akaamua.

Halafu kuna jambo la Talai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha Laibon, yaani ukoo wa Talai, waliokuwa na uongozi wa kiroho kwa Wakipsigis. Takriban watu 700 walipelekwa Gwassi, kule kwenye mbung'o na joto kando ya Ziwa Victoria. Kesi yao inajulikana, imefika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Kinachonivutia mimi ni sehemu yake ya kikarani ambayo haizungumziwi sana. Huwezi kuhamisha ukoo mzima bila kwanza kujua nani ni wa ukoo. Lazima mtu akae chini na daftari aandike: huyu baba yake ni fulani, yule ni mkewe, wale ni watoto. Jibu ulilotoa ulipoulizwa "wewe ni wa nani?" ndilo lililokuja kukupakia kwenye safari.

Tuongeze kisa kimoja kabla hatujaacha wakoloni, maana kina utamu wake. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, vidole kwa kila mtu. Ilipofika zamu ya walowezi kuchovya vidole kwenye wino, kelele zilizopigwa 1949 zilifika hadi London. Ati ni kuwafanya wahalifu. Ati ni kudhalilisha. Serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na njia iliyopatikana ilikuwa ya kistaarabu kweli: anayeweza kujaza fomu mwenyewe kwa Kiingereza alete picha na sahihi, asiyeweza alete vidole. Kwa miaka karibu 30 Waafrika walikuwa wakilalamika kuhusu jambo hilo hilo na kuambiwa ni utaratibu tu. Walowezi walihitaji mwaka mmoja kugundua kwamba mwili wa mtu ni wake.

Sasa turuke hadi hospitali, kwa sababu hapo ndipo habari inakuwa ngumu.

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malaria hapa haina tabia ya Kisumu, ya kukaa nawe mwaka mzima kama jirani. Hapa huja kwa mlipuko, mara nyingi katikati ya mwaka baada ya mvua ndefu, ikikuta watu wasio na kinga. Brooke Bond ilikuwa na hospitali yake kuu iliyowatibu wafanyakazi na familia zao. Na kama hospitali yoyote, iliandika. Mama kaingia na homa, amepimwa, amelazwa, ugonjwa ni malaria. Mwezi ukiisha wanahesabu. Hesabu hizo zilitunzwa kuanzia miaka ya 1960, mwezi kwa mwezi, hospitali ile ile na mashamba yale yale.

Kitu kama hicho ni adimu sana Afrika. Hospitali nyingi za umma rejista zao ziliishia kufungia njugu, au zilivunjika katikati kwa sababu ya mgomo au uhaba wa karatasi. Ya Kericho ilidumu. Hivyo milipuko iliporudi kwa nguvu miaka ya 1980 na 1990, wanasayansi wakajua pa kwenda. Dennis Shanks na wenzake wakachapisha takwimu za kulazwa kwa wagonjwa wa malaria hapo kuanzia miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990. Baada ya hapo ndiyo ugomvi ukaanza, na ulikuwa ugomvi wa kimataifa hasa: je, malaria imepanda milima kwa sababu dunia inapata joto, au kwa sababu dawa ya klorokwini imeacha kufanya kazi?

Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona mabadiliko ya maana ya hali ya hewa katika maeneo manne ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakarudi kwenye takwimu za maeneo hayo hayo wakasema hapana, joto limepanda, na hata kupanda kidogo kunatosha kuongeza mbu kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2011 Judith Omumbo, mtafiti Mkenya, pamoja na wenzake, wakaenda kwenye vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha hapa Kericho, wakapata kwamba kwa takriban miaka 30 joto lilikuwa likipanda karibu nyuzi 0.2 kila mwongo mmoja. Katikati ya hayo yote watu walijenga modeli za hisabati na kuzilisha Kericho. Modeli inafanya nini? Inatazama yaliyotokea, inajifunza mtindo wake, halafu inakisia yatakayotokea. Ni binamu mkubwa wa hii akili mnemba tunayoiongelea leo, tofauti ni ukubwa wa sahani.

Kwa hiyo homa ya mchuma chai wa mwaka 1978 ilisafiri hadi vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani, ikakaa kwenye grafu, ikabishaniwa na watu ambao hawajawahi kuona jani mbili na chipukizi. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja tu kutafuta dawa.

Je, aliibiwa?

Nimelifikiria swali hili sana na sitaki kulijibu kwa hasira ya haraka. Majina hayakusafiri. Kilichosafiri ni hesabu: mwezi huu wamelazwa wangapi. Hakuna anayeweza kutazama ile grafu akamtambua mtu. Na kazi iliyofanyika ina faida ya kweli kwa wajukuu wa wale wagonjwa, kwa sababu ukijua mlipuko unakuja lini unaweza kupanga dawa na kupulizia nyumba mapema. Sheria yetu ya sasa pia ina nafasi ya taarifa kutumika tena kwa utafiti, historia na takwimu, mradi mtu asitambulike. Ningekuwa hakimu, nisingemfunga mtu.

Lakini kuna kitu kinabaki kooni. Mtu aliyelazwa katika hospitali hiyo alikuwa na mwajiri, mwenye nyumba na daktari ambao wote ni kampuni moja. Nyumba ya labour line anayolala ni ya kampuni, shule ya mtoto ni ya kampuni, kitanda anachougulia ni cha kampuni. Hata kama mtu angekuja na karatasi akamwuliza "unakubali?", hapana yake ingekuwa na uzito gani? Hapo ridhaa inaanza kuchekesha. Inadai kwamba watu wawili wamesimama sawa, na mmoja wao amesimama juu ya sakafu ya mwenzake.

Ndiyo maana naupenda mfano uliofuata, ingawa nao si malaika. Mwaka 2003 mradi wa utafiti wa Walter Reed, ule unaofungamana na jeshi la Marekani na KEMRI, ulianza kufuatilia maambukizi ya HIV miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho na wategemezi wao. Watu 2,801 waliandikishwa. Walijitolea, walielezwa, walitia sahihi, wakarudi kila baada ya miezi sita kwa hadi miaka mitatu. Kulikuwa na ushauri nasaha na vipimo, na lengo lilitajwa tangu mwanzo: kuona kama eneo hili linafaa kwa majaribio ya chanjo. Unaweza kubishana kuhusu jeshi la nchi nyingine kupima damu za wachuma chai, na mimi niko tayari kubishana siku yoyote. Lakini ukiiweka kando ya kipande unaona umbali uliotembewa. Mtu aliambiwa data yake itafanya kazi gani. Aliruhusiwa kuacha. Na kwa kuwa alirudi mara nyingi, alipata nafasi nyingi za kubadilisha nia. Ridhaa iliulizwa tena na tena, uso kwa uso, kwa lugha anayoisikia.

Basi twende kwenye imeli.

Kama umekulia Bomet au Kericho unajua kwamba barua pepe ya kijana mmoja si ya mtu mmoja. Ni sanduku la ukoo. Kogo hana Gmail, lakini KRA wanataka imeli ili apate PIN, kwa hivyo PIN yake imetumwa kwako. Mjomba anafuatilia kipande cha shamba, hati imepigwa picha ikatumwa kwako. Binamu ameomba HELB kwa imeli yako kabla hajapata yake. Majibu ya hospitali ya Tenwek au Litein, barua ya talaka ya shangazi, risiti ya bonasi ya chai na namba ya mkulima, mchango wa mazishi na orodha ya nani ametoa ngapi. Yote yamelala huko, kati ya matangazo ya kamari na "your order has shipped."

Na wasio na kijana wana saiba. Mzee anaingia saiba mjini Kapkatet, anataka kusajiliwa eCitizen. Mfumo unadai imeli. Mhudumu anamfungulia moja pale pale, anachagua nenosiri, analiandika kwenye daftari la saiba na kwenye kikaratasi ambacho mzee atakikunja kwenye kofia. Ukurasa wa masharti unafunguka, mrefu kuliko mkataba wa kuuza ng'ombe. Mhudumu anabonyeza "Nakubali". Imechukua sekunde moja. Kisheria, mzee amekubali. Kiuhalisia mzee alikuwa anatazama nje akiangalia kama matatu ya Litein imejaa. Zamani, mchuma chai kutoka Kisii asiyejua kusoma alikuwa anaandikiwa barua na mtu mwingine, lakini angalau alisema mwenyewe kila neno na alisikia ikisomwa kabla ya kufungwa. Kwa mzee wa Kapkatet hata hilo halipo. Anuani ina jina lake na hatawahi kuifungua.

Ukielewa hilo sanduku la ukoo, utaona kwa nini swali la imeli na akili mnemba ni gumu kuliko la picha ya Instagram. Barua ina watu wawili, angalau. Mimi nikibonyeza nakubali, nimekubali kwa niaba yangu. Sijakubali kwa niaba ya shangazi aliyeniandikia kuhusu talaka. Yeye hakuulizwa na kampuni, na hakuulizwa na mimi.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili duniani ulitokea Marekani. Kampuni ya nishati ya Enron ilianguka mwishoni mwa 2001 kwa sababu ya udanganyifu. Tume ya serikali iliyosimamia masoko ya nishati ikaichunguza, na mwaka 2003 ikaziweka hadharani barua pepe za wafanyakazi wake. Baadaye watafiti wa vyuo vikuu walizisafisha wakabaki na mkusanyiko wa karibu barua nusu milioni kutoka kwa watu takriban 150. Humo mna njama, ndiyo, lakini mna pia wake wanaouliza maziwa, watu wanaotafuta kazi nyingine kimya kimya, magonjwa, mapenzi ya ofisini. Waliowaandikia kutoka nje hawakuwa na uhusiano wowote na wizi wa Enron. Na kwa kuwa hakukuwa na mkusanyiko mwingine wa barua halisi ulio wazi kwa ukubwa huo, kwa miaka mingi wanafunzi wa kompyuta duniani kote wameutumia kufundishia mashine: kutambua barua taka, kupanga barua kwa mada, kukisia nani ni bosi wa nani. Baadhi ya watu waliomba barua zao ziondolewe, na baadhi ziliondolewa. Lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa.

Rejista ya Kericho ilisafiri bila majina. Ya Enron ilisafiri nayo yote.

Google nao walikuwa na kisima kikubwa zaidi. Gmail ilianza Aprili 2004, na kwa zaidi ya miaka kumi mashine zake zilisoma maneno ya barua ili zikuonyeshe matangazo yanayofanana na mambo yako. Mwaka 2017 wakatangaza kuacha hilo. Lakini mwaka 2018 ikaja ile huduma inayokumalizia sentensi unapoandika, Smart Compose, na wahandisi wake walieleza katika makala ya kitaalamu ya 2019 kwamba ilifunzwa kwa barua zilizoandikwa na watumiaji, kwa mabilioni, kukiwa na tahadhari isije ikamwagia mtu siri za mwingine. Tahadhari hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Ila tazama kilichopenya. Mwishoni mwa 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba ukiandika unakutana na mwekezaji wiki ijayo, mashine ilipendekeza uulize kama ungependa kukutana "naye" kwa kiwakilishi cha Kiingereza cha mwanamume. Wakaamua kuzima viwakilishi vya jinsia kabisa. Kiswahili kingewaokoa hapo, "naye" yetu haijali. Hakuna mtu mmoja aliyevujishiwa siri yake. Kilichovuja ni tabia ya watu wote kwa pamoja.

Hili ndilo watu wengi hawalioni wanapoambiwa "usiogope, majina yametolewa." Jina si kitu pekee ambacho mtu anacho.

Septemba 2024 ikafika zamu ya LinkedIn. Watumiaji wakagundua kwamba kuna swichi kwenye mipangilio inayoruhusu maandishi yao kufundishia akili mnemba, na swichi hiyo ilikuwa tayari imewashwa. Walio Umoja wa Ulaya hawakuguswa wakati huo, kwa sababu sheria zao zina meno. Sisi tulikuwa tumewashiwa. Nilicheka nilipoiona, maana nilikumbuka fomu ya Glancy: wengine sahihi, wengine vidole.

Na hatuwezi kusema hatuna sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na inataja mawasiliano kwa jina. Sheria ya Kulinda Data ilianza kufanya kazi Novemba 2019, na inasema anayechukua data ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali. Unaweza pia kuiondoa ridhaa wakati wowote. Mahakama Kuu iliitumia Oktoba 2021 kusimamisha kadi za Huduma Namba, kwa kuwa serikali ilikimbilia kuzitoa bila kufanya tathmini ya athari kwa data za watu. Fikiria hilo: serikali ya Kenya ikizuiwa na mahakama ya Kenya kwa sababu ya kipande. Natamani Thuku angelisikia.

Kisha Worldcoin. Julai 2023 vijana walipanga foleni KICC kutazamisha macho yao kwenye kifaa cha duara, wakipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti 2 serikali ikasimamisha. Kufikia hapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshasajiliwa. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za mwili zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data, na moja ya hoja ilikuwa kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa pesa haikuwa ridhaa. Kuna watu wa Nairobi walioona hukumu hiyo ni dharau, kwamba inawachukulia maskini kama watoto wasiojua kuamua. Ninawaelewa. Ila narudi kwenye sakafu: mtu mwenye njaa na mtu mwenye sarafu hawajasimama mahali pamoja, na mahakama iliona hilo kuliko wale walioandika masharti.

Mei ile ile ya 2023, kabla ya foleni za KICC, hapa Kericho watu walichoma mashine za kuchuma chai. Mtu mmoja alikufa katika vurugu hizo. Wiki nzima redio na mitandao ilijaa ushauri kwamba huwezi kupigana na teknolojia. Nilisikia pia wakifananishwa na wanaoogopa akili mnemba, na ulinganisho huo una kasoro moja. Mashine ya kuchuma chai ni wembe na mota. Haikujifunza kutoka kwa mkono wa mtu yeyote, ndiyo maana inabeba jani zuri na vijiti pamoja. Akili mnemba imejifunza kutoka kwa mtu. Kila sentensi inayokumalizia iliwahi kumalizwa na mtu fulani mahali fulani. Mchuma chai anaweza kusema mashine imechukua kazi yangu. Mwandishi wa barua anaweza kusema imechukua kazi yangu, na ilifundishwa nami.

Ndipo tunafika kwenye kufuta. Sheria yetu inakupa haki ya kudai data yako ifutwe, na amri ya Worldcoin ilikuwa ya kufuta. Kwa kikebe cha kipande kufuta ni rahisi kueleweka: unakitupa, unachoma na faili la Nairobi. Rejista ya hospitali unaweza kuifungia. Lakini barua ikishafundisha modeli, ukifuta barua, yale yaliyofunzwa yanabaki. Ni kama kumwomba mwalimu wako wa darasa la nne arudishiwe hesabu zake. Januari 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilijaribu njia kali zaidi. Iliitaka kampuni ya Everalbum, iliyotumia picha za wateja kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso, ifute picha pamoja na modeli zilizozaliwa na picha hizo. Mti na matunda yake. Kenya haijafika hapo. Kesi itakayoomba hivyo italetwa na mtu ambaye ana uwezo wa kuonyesha kwamba barua yake ilikuwamo, na hilo ndilo gumu kuthibitisha. Kampuni pekee ndiyo inayojua modeli ilikula nini.

Kwa sasa rejista za hospitali za kaunti zinahamishiwa kwenye kompyuta, na Mamlaka ya Afya ya Jamii inasajili watu kwa simu. Vijijini wanasajiliwa vile vile walivyosajiliwa iTax: kijana mmoja mwenye simu nzuri anakaa chini ya mti nje ya kituo cha kununulia majani, wazee wanapanga foleni na vipande vyao mkononi, na yeye anabonyeza.